Kengele ya saa kumi alfajiri yawadhulumu wanafunzi

Miongoni mwa methali zinazopendwa mno katika shule zetu za mabweni ni ile isemayo: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Nimeiona imeandikwa kwa rangi kwenye kuta za madarasa, na nimewasikia viranja wakiitamka kwa majivuno. Methali hii huuchukulia usingizi kuwa ni kushindwa: aliye macho yu mbele, aliyelala ameachwa. Sina ugomvi na wahenga, ambao bila shaka walikuwa wakinena kwa mafumbo kuhusu werevu na ujinga. Ugomvi wangu ni na sisi walimu na wazazi tulioivua methali hiyo mafumbo yake, tukaigeuza kuwa ratiba.

Kazi yangu ya kufundisha isimu katika chuo kikuu hunilazimu, kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, kuzuru shule za sekondari ili kuwakagua walimu wanagenzi. Katika shule kadhaa nilizozizuru, kengele ya kuamka hulia saa kumi alfajiri. Mwanafunzi hupewa muda mfupi wa kunawa uso, kutandika kitanda na kufagia bweni, na ifikapo saa kumi na moja hana budi kuwa ameketi darasani kwa masomo ya alfajiri. Usiku, masomo ya jioni hukoma saa nne, na taa za bweni huzimwa saa nne unusu. Hesabu yake si ngumu. Kijana huyo amepewa saa tano na nusu za usingizi, na hapo nimekadiria kwamba analala papo hapo taa zinapozimwa, jambo ambalo kila aliyepata kuishi bwenini anajua kwamba si kweli.

Mwaka 2016, chama cha Marekani cha madaktari wa tiba ya usingizi kilitoa mwongozo kwamba kijana wa umri wa kati ya miaka 13 na 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi katika kila saa 24. Tuchukue kile kiwango cha chini kabisa. Kijana wetu anadaiwa saa 2 na nusu kila usiku. Kwa siku 6 za juma deni hilo limefika saa 15, yaani karibu masiku mawili mazima. Kisha tunamwita ofisini kumuuliza kwa nini alama zake zimeshuka.

Katika shule mojawapo, mwalimu mwanagenzi alinionyesha rundo la insha zilizoandikwa wakati wa masomo hayo ya alfajiri. Mimi ni mtu wa lugha, na makosa ya lugha ndiyo riziki yangu, lakini haya hayakuwa makosa niliyoyazoea. Mwanafunzi mmoja alianza sentensi kwa nomino ya ngeli ya KI-VI, akaiwekea kivumishi cha U-I, akaifunga kwa kitenzi kisichokuwa na kiambishi cha nafsi wala cha ngeli yoyote. Mwingine aliandika sentensi moja mara mbili, ile ya pili ikiteremka chini ya mstari, mpaka mwishoni kalamu ikaacha mkwaruzo mrefu kama njia ya konokono. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Kuwa makini!" Nikaomba nione insha ambazo wanafunzi hao hao walikuwa wameziandika katika kipindi cha saa nne asubuhi. Hazikuwa za kusifiwa sana, lakini zilikuwa zimeandikwa na watu walio macho.

Ni vyema basi tuulize usingizi ni kitu gani, na kwa nini hauji wala hauondoki kwa amri ya kengele.

Mwaka 1729, mtaalamu wa falaki wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliufanyia jaribio mmea wa aina ya ule ambao sisi twauita kifauongo. Kila mtoto aliyekulia shambani anaujua: ukiugusa, majani hujikunja kana kwamba umekufa. Majani hayo pia hufunguka mchana na kujifunga usiku. Mairan aliufungia mmea wake mahali pasipofika mwanga wa jua, ili aone kama ungeendelea kufunguka. Majani yaliendelea kufunguka na kujifunga kwa nyakati zake. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kushuku kwamba kiumbe hai hakingoji kuambiwa na jua kwamba kumekucha, bali kina saa yake ndani.

Saa hiyo binadamu anayo pia. Imo ndani ya ubongo, katika kiini kidogo kilicho juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana, chenye chembe kama 20,000 tu. Kiini hicho ndicho kinachoongoza majira ya mwili: joto la mwili kupanda mchana na kushuka usiku, homoni ya melatonini kuanza kumiminwa jioni giza linapoingia, na homoni nyingine kuongezeka kuelekea alfajiri ili kuutayarisha mwili kuamka. Mnamo mwaka 2017, Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kufumbua, kupitia nzi wadogo wa matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha saa hii ndani ya chembe zenyewe. Si hekaya tena, wala si kisingizio cha wavivu.

Lakini saa hii ina dosari moja. Kwa watu wengi mzunguko wake huzidi kidogo saa 24, kama saa ya mkono inayochelewa dakika chache kila siku. Isiporekebishwa itakwenda kombo. Kinachoirekebisha zaidi ya kitu chochote kingine ni mwanga, hasa ule wa asubuhi, na baada ya mwanga ni mazoea: kula, kutembea, kufanya kazi na kulala kwa nyakati zile zile. Ndiyo maana ratiba si adui wa usingizi. Mtu anayelala na kuamka kwa wakati mmoja kila siku huusaidia mwili wake kujua linalofuata, na mwili huanza kujiandaa hata kabla ya yeye kupanda kitandani.

Katika hili Kiswahili kimetangulia kwa namna inayonifurahisha kila ninapowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Saa zetu zimefungwa kwenye jua. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya mapambazuko, na saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya machweo. Mfumo huu ungekuwa wa kichekesho kule Ulaya, ambako jua la kiangazi huchomoza wakati watu wangali wamelala na lile la baridi huchomoza wakiwa tayari kazini. Hapa kwetu, ambapo mstari wa ikweta unapita Nanyuki na Maseno, mfumo huo hauna kasoro. Jijini Nairobi, tofauti kati ya mapambazuko ya mapema kabisa na yale ya kuchelewa kabisa katika mwaka mzima haifiki dakika 45. Kwa hivyo mtoto wa Kenya anao urithi ambao mtoto wa London hana, yaani mwanga unaofika mlangoni kwa wakati mmoja Januari hadi Disemba.

Tazama pia jinsi tunavyosema "usiku wa kuamkia Jumanne." Magazeti huandika hivyo kila siku bila kufikiri. Katika desturi ya pwani, siku mpya huanza jua linapotua, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Usiku si mkia wa siku iliyokwisha bali ni kichwa cha ile ijayo, na usingizi ndio kazi ya kwanza ya siku hiyo. Hata neno maamkizi limetokana na kuamka. Tunapomwamkia mtu tunamuuliza ameamkaje, kwa maana tunajua kwamba hali ya mtu mchana inategemea alivyolala.

Sasa turejee kwa kijana wetu. Mtu anapobaleghe, saa yake ya mwili husogea mbele. Utafiti ulioongozwa kwa miaka mingi na Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, umeonyesha kwamba melatonini ya kijana huanza kumiminwa ikiwa imechelewa kuliko ya mtoto, na kuchelewa huko kunaweza kufika hadi saa 2. Kijana wa miaka 16 ambaye saa tatu usiku hana hata lepe la usingizi hafanyi ukaidi. Usiku wake haujaingia. Na mwili wake haujamaliza kazi yake saa kumi alfajiri. Huo ndio wakati ambapo joto la mwili linakaribia kiwango chake cha chini kabisa na akili imezama. Mtu mzima wa miaka 50, ambaye saa yake imeanza kurudi nyuma na ambaye huamka mapema bila kuamshwa, ndiye anayepanga ratiba. Hupima usingizi wa kijana kwa mwili wake mwenyewe.

Wenzetu wengine wameanza kulitambua jambo hili. Mwaka 2014, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza kwamba masomo ya vijana yasianze kabla ya saa mbili unusu asubuhi. Jiji la Seattle lilisogeza mbele saa ya kuanza masomo katika shule zake za sekondari mwaka 2016, kutoka saa mbili kasoro dakika 10 hadi saa tatu kasorobo. Watafiti waliowapima wanafunzi kabla na baada ya mabadiliko hayo waligundua kwamba walikuwa wameongeza dakika 34 za usingizi kila usiku wa masomo. Wapinzani walikuwa wametabiri kwamba vijana wangetumia nafasi hiyo kukesha zaidi, na haikuwa hivyo. Jimbo la California nalo lilipitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kutekelezwa Julai 2022, kwamba sekondari za juu za umma, isipokuwa baadhi ya zile za mashambani, zisianze kabla ya saa mbili unusu. Sipendekezi tuige kila kinachotoka Marekani. Naeleza tu kwamba huko wanabishana kuhusu saa mbili na saa mbili unusu, ilhali sisi tunazungumzia saa kumi usiku.

Naam, usiku. Kuiita saa kumi "asubuhi" ni kuionea lugha.

Na lugha ndiyo inayotufichulia ukweli wa nafsi zetu. Sikiliza jinsi Kiswahili kinavyolitaja jambo hili kikiachwa kiseme chenyewe: amepitiwa na usingizi, usingizi umemchukua, ameshikwa na usingizi. Katika tungo zote hizo usingizi ndio mtenda, na binadamu ni mtendwa. Wazee waliotuachia misemo hiyo hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba mtu hajiamulii wakati wa kuchukuliwa. Ingia sasa katika chumba cha walimu. Hapo sarufi hubadilika: "Huyu analala darasani." Mwanafunzi amekuwa mtenda, na mtenda hulaumiwa. Husimamishwa nyuma ya darasa, huamriwa kuchuchumaa, huandikwa katika daftari la makosa, na mwisho huitwa mlaza damu. Nimesoma kauli za namna hiyo katika ripoti za mwisho wa muhula, zimepigwa mhuri, zikaenda nyumbani kwa mzazi ambaye naye akaongeza lake.

Wanafunzi nao wamejifunza kujihukumu kwa sarufi hiyo hiyo. Wako wanaosoma huku wametia miguu katika beseni la maji baridi ili wasisinzie. Wako wanaotafuna kahawa kavu. Wako wanaojificha chooni na tochi baada ya taa kuzimwa, wakiamini kwamba anayelala kidogo ndiye anayejua sana. Wanachopoteza ni kile walichokuwa wakikitafuta, kwa kuwa usingizini ndimo ubongo unamopanga na kukaza yale yaliyosomwa mchana. Msamiati mpya wa jana usipopata usiku wa kutosha hautulii. Anayekesha ili kukariri ni kama anayejaza mtungi uliotoboka, na hili namwambia hasa mtahiniwa aliyebakiza majuma mawili.

Kuna watakaonijibu kwamba shule za mabweni angalau zina utaratibu, na kwamba utaratibu ndio nilioutetea hapo juu. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyiwa wanafunzi 61 wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliorekodi kulala na kuamka kwao kwa siku 30. Waliolala kwa nyakati zisizotabirika walikuwa na alama za chini kuliko wenzao waliolala kwa mpangilio, ingawa wastani wa saa walizolala makundi hayo mawili haukutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Na saa ya mwili ya wale wasio na mpangilio ilikuwa imechelewa kwa zaidi ya saa 2. Kwa hiyo mpangilio pekee, hata kabla ya kuhesabu saa, una faida yake.

Lakini utaratibu wa shule zetu ni wa kengele, si wa mwili. Jumapili kengele husogezwa, na mwanafunzi hulala mpaka jua liwe juu. Mitihani ikikaribia, masomo ya usiku hurefushwa bila mpaka. Likizo zikifika, kijana hukesha na simu mpaka saa nane, mwanga wake ukimwambia ubongo kwamba bado ni mchana, kisha huamka adhuhuri. Muhula mpya ukianza anarudishwa ghafla kwenye saa kumi. Till Roenneberg wa München, Ujerumani, ameulinganisha mwendo wa namna hii na uchovu wa msafiri aliyevuka mabara kwa ndege, isipokuwa msafiri huyu hakutoka kitandani kwake.

Matokeo yake nayaona mimi katika ukumbi wa mihadhara. Wanafunzi wanaotujia kutoka shule zenye kengele kali kabisa ndio wanaonitia wasiwasi zaidi katika muhula wa kwanza. Kwa miaka minne waliamshwa, hawakufundishwa kuamka. Chuoni hakuna kiranja wala mwalimu wa zamu. Baada ya majuma machache usiku umekuwa mchana, na mhadhara wa saa moja asubuhi una viti vitupu. (Sisi wenyewe tunaopanga mhadhara wa isimu saa moja asubuhi kwa vijana wa miaka 19 tuna la kujibu pia, ijapokuwa uhaba wa kumbi ndio hutajwa kila mara.)

Jibu jingine ninalolisikia ni la wazee wenzangu: "Sisi tuliamka jogoo la kwanza, na tazama tulivyofika." Ni kweli tuliamka. Mama zetu waliamka mapema zaidi kukama ng'ombe na kuteka maji. Lakini tunasahau upande wa pili wa usiku. Mafuta ya koroboi yalikuwa ghali, na saa tatu haijagonga moto ulikuwa umefunikwa majivu na nyumba nzima imelala. Pwani vivyo hivyo, anayeamka kwa swala ya alfajiri aghalabu hulala mapema baada ya isha, na wengi hujinyoosha kidogo baada ya adhuhuri. Wote hao waliamka mapema kwa sababu walilala mapema. Sisi tumechukua alfajiri ya babu tukaiunganisha na usiku wa taa ya umeme, na mtoto amebanwa katikati.

Wala hatuhitaji sheria mpya. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeeleza waziwazi kwamba katika shule za mabweni masomo ya jioni ni kuanzia saa moja unusu hadi saa tatu unusu usiku, na kwamba kuanzia saa tatu unusu hadi saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa kulala kwa wanafunzi wote. Hizo ni saa 8 na nusu. Kwa shule za kutwa, kanuni hizo hizo zilikataza kumtaka mwanafunzi afike kabla ya saa moja na robo. Wazazi wa Nairobi wanaosimama na watoto wadogo kando ya barabara gizani, wakingoja basi la shule la saa kumi na moja, huenda hawajapata kuzisoma.

Kwa nini basi hazifuatwi? Kwa sababu shule jirani haizifuati. Mwalimu mkuu anaogopa kwamba akiizima taa saa tatu unusu na mwenzake akiizima saa tano, wazazi watahesabu saa na kumwona mlegevu. Naielewa hofu yake. Mwalimu wa zamu naye anaielewa, maana yeye pia huamka saa kumi kasoro, na ndiye atakayefundisha kipindi cha mwisho alasiri akiwa na macho mekundu. Sijapata kukutana na mwalimu wa zamu anayeyapenda masomo ya alfajiri.

Ombi langu kwa walimu wakuu ni jaribio la muhula mmoja. Masomo ya alfajiri yaondolewe, kengele ilie saa kumi na mbili, na saa hiyo hiyo idumishwe Jumamosi na Jumapili. Wanafunzi watoke nje na kuota jua kabla ya kipindi cha kwanza. Insha za muhula huo ziwekwe kando ya zile za muhula uliotangulia, zisahihishwe na mwalimu asiyejua ni zipi ni zipi. Na mzazi anapohudhuria mkutano wa mwaka, kabla ya kuuliza wastani wa alama, aulize taa huzimwa saa ngapi na kengele hulia saa ngapi, na jibu alilopewa liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.